Tawakali na Kalafati: Baharia wa Peke Yake Mbele ya Tufani

Uhusiano kati ya kumtegemea Mungu na kujibidiisha ni suala ambalo wanateolojia na wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi, na kwa kawaida wamelijadili kwa mifano ya nchi kavu: mkulima na mvua, mgonjwa na dawa, msafiri na ngamia wake. Baharia anayevuka bahari kuu peke yake ndani ya yoti, yaani chombo kidogo cha matanga kisichobeba shehena wala abiria wa kulipa, hajapewa nafasi anayostahili katika mjadala huo, ingawa hali yake ina sifa moja ambayo mifano mingine haina. Katika chombo cha namna hiyo mwenye mali, nahodha, fundi, mlinzi wa usiku na abiria ni mtu mmoja, hivyo kosa la mmoja haliwezi kusukumiwa mwingine, na kila anachokiamini kuhusu chombo chake huja kupimwa na maji yale yale yanayombeba. Swali linalozuka hapo ni la maadili kabla ya kuwa la ufundi: je, mtu huyo ana haki ya kuamini kwamba chombo chake ni kizima, na anaposema kwamba amemwachia Mungu, ni kitu gani hasa anachomwachia?

Uzima wa chombo, kwa maana inayotumika hapa, ni uwezo wake wa kustahimili hali mbaya kuliko ile inayotarajiwa, na kuendelea kustahimili hata baada ya baadhi ya viungo vyake kuharibika. Sehemu ya pili ya maana hiyo ndiyo inayosahauliwa. Yoti inayopendeza bandarini inaweza kuwa na nyaya za kushikilia mlingoti ambazo nyuzi zake mbili tatu zimekwisha kukatika pale zinapoingia kwenye kifungio, mahali ambapo jicho la kupita halioni kitu. Inaweza kuwa na boliti za mkuku, yaani uti wa chini unaobeba uzito wa kukisimamisha chombo wima, zilizoliwa na kutu ndani ya mbao. Na inaweza kuwa na vali za shaba zinazopitisha maji ubavuni ambazo umeme mdogo unaozaliwa na metali mbili zinapokutana katika maji ya chumvi umezinyonya polepole hadi zikabaki ganda. Ndiyo maana mabaharia waangalifu hufunga kizibo cha mbao laini kando ya kila vali, tayari kugongomelewa vali ikivunjika usiku, na huwa na pampu ya mkono hata kama ile ya umeme haijawahi kuwaangusha. Msuguano nao una hesabu yake: kamba mpya inayosugua pahali pamoja kwa siku mbili mfululizo inaweza kukatika kabla ya kamba kuukuu iliyokingwa kwa kitambaa. Kazi ya kila siku safarini, kwa hiyo, si kutengeneza kilichoharibika tu, bali kukitafuta kile kinachokaribia kuharibika. Mafundi wa pwani ya Afrika Mashariki waliijua kanuni hii zamani sana, kwani jahazi lilipandishwa ufukoni, mbao zikakaguliwa, pamba ikashindiliwa upya kwenye maungio, kazi iitwayo kalafati, na sehemu ya chini ikapakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaozuia minyoo ya baharini inayotoboa mbao. Na yote hayo yalifanywa hata kama chombo hakikuvuja msimu uliopita.

Mwanafalsafa aliyeligeuza jambo hili kuwa suala la maadili ya imani ni William Kingdon Clifford, mwanahisabati Mwingereza, ambaye insha yake ya mwaka 1877 kuhusu maadili ya kuamini inaanza na habari ya mwenye meli. Clifford aliijua bahari kwa namna ambayo wanafalsafa wachache wameijua, kwa kuwa mwaka 1870 alinusurika ajali ya meli karibu na Sisilia akiwa katika msafara wa kuchunguza kupatwa kwa jua. Katika mfano wake, mwenye meli yuko karibu kuipeleka baharini meli kuukuu iliyojaa wahamiaji. Anajua kwamba haikujengwa vizuri tangu mwanzo na kwamba imekwisha kutengenezwa mara nyingi, na shaka inamkera. Anajituliza kwa kusema kwamba meli hiyo imetoka na kurudi salama mara kadhaa, na kwamba Mungu hawezi kuacha kuzilinda familia zile zote zinazokwenda kutafuta maisha mapya, mpaka mwishowe anaamini kwa dhati kabisa kwamba ni nzima, anaiaga kwa moyo mweupe, na inapozama katikati ya bahari anachukua fedha zake za bima. Clifford anamhukumu kuwa ana hatia ya vifo vile, na unyofu wa imani yake haumpunguzii chochote, kwa sababu imani hiyo hakuipata kwa uchunguzi bali kwa kuinyamazisha shaka. Kisha anaongeza hukumu ambayo wasomaji wengi huipinga: kama meli ile ingefika salama, hatia ingekuwa ile ile, ila tu isingegunduliwa.

Clifford mwenyewe hakuwa rafiki wa dini, na insha yake imesomwa mara nyingi kama shambulio dhidi ya imani yenyewe. Usomaji huo unapitwa na jambo la maana zaidi. Mwenye meli yule hakumkabidhi Mungu meli yake; alimkabidhi shaka yake, ili yeye asiione tena. Mtu anayeshika tawakali, yaani kumtegemea Mungu kwa moyo baada ya kutimiza wajibu wake, hana sababu ya kumtetea mtu huyo, na anaweza hata kumhukumu kwa ukali kuliko Clifford, kwa kuwa pamoja na kuwaangamiza watu, amelitumia jina la Mungu kama pazia.

Pingamizi moja linasimama hapa, nalo ndilo linalomleta baharia wa peke yake katikati ya mjadala. Mwenye meli wa Clifford alikuwa na hatia kwa sababu walioangamia walikuwa watu wengine; mtu anayepanda chombo chake mwenyewe, bila mke, mwana wala baharia mwingine, akajidanganya kuhusu uzima wake, anamdhulumu nani? Clifford alijibu kwa ujumla kwamba hakuna imani iliyo mali ya mtu mmoja, kwa kuwa kila imani huingia katika matendo, na matendo huwagusa wengine. Jibu hilo, likisomwa mezani, linaonekana kama limekazwa kupita kiasi. Matukio ya miaka 1968 na 1969 yanalipa uzito ambao Clifford mwenyewe asingeweza kuutabiri.

Mwaka 1968 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilitangaza mashindano yaliyoitwa Golden Globe, ya kuizunguka dunia kwa matanga, mtu peke yake, bila kuingia bandarini na bila kupokea msaada. Mabaharia 9 waliondoka, na aliyefika mwisho ni mmoja tu. Huyo alikuwa Robin Knox-Johnston, ofisa wa meli za biashara, aliyeondoka Falmouth tarehe 14 Juni 1968 na kurudi hapo tarehe 22 Aprili 1969, akiwa mtu wa kwanza katika historia kukamilisha safari ya namna hiyo. Chombo chake, Suhaili, kilikuwa na urefu usiofika mita 10, kizito na cha polepole, kilichojengwa Bombay kwa msaji, mti ule ule ambao mafundi wa Bahari ya Hindi wameutumia kwa majahazi kwa karne nyingi, na kilipoanza safari kilikuwa kimekwisha kuvuka bahari kutoka Bombay hadi Afrika Kusini na kutoka huko hadi Uingereza. Kwa hiyo udhaifu wake ulijulikana. Katika wiki za mwanzo, kwenye Atlantiki, kilianza kuvuja kandokando ya mkuku. Knox-Johnston alipiga mbizi chini ya chombo, akajaribu kushindilia pamba kwenye ungio, pamba ikakataa kukaa, ndipo akashona ukanda wa turubai, akaugongomelea kwa misumari ya shaba huku akizuia pumzi, na baadaye akaufunika kwa bamba la shaba, katika kazi ambayo ilibidi aikatize ili kumpiga risasi papa aliyekuwa akimzunguka. Katika Bahari ya Kusini, eneo la pepo kali zisizozuiwa na bara lolote, wimbi lilikilaza chombo ubavu, kibanda kikatikisika kwenye maungio yake na maji ya kunywa yakachafuka. Usukani wa upepo, yaani kifaa kinachoongoza chombo bila mtu kwa kufuata upepo, nao ulivunjika kabisa alipofika upande wa Australia, naye akajifunza kuyapanga matanga hadi chombo kikajiongoza chenyewe.

Teignmouth Electron, chombo cha mshindani mwingine, Donald Crowhurst, kilikuwa kinyume cha Suhaili karibu katika kila jambo. Kilikuwa trimarani, yaani chombo chenye mwili mkubwa katikati na miili midogo miwili ubavuni, mithili ya ngalawa. Kilijengwa kwa haraka ili kuiwahi siku ya mwisho iliyoruhusiwa, na tarehe 31 Oktoba 1968 kikaondoka kikiwa hakijakamilika. Mwenye chombo alikuwa mbunifu wa vifaa vya kielektroniki, mtu mwenye akili nyingi, aliyekuwa amepanga kompyuta yake mwenyewe ihisi hatari ya kupinduka na kuamuru boya la hewa lijijaze juu ya mlingoti. Kompyuta hiyo haikutengenezwa, na ndani ya kibanda mlibaki nyaya zilizoning'inia bila kuunganishwa na kitu chochote. Mpira wa kufyonzea maji kutoka ngama, yaani tumbo la chombo yanapokusanyika maji yanayoingia, uliachwa nchi kavu. Katikati ya Novemba alikaa akaandika kwa unyofu wa kusifika orodha ya kasoro za chombo chake, akafikia hitimisho kwamba katika Bahari ya Kusini nafasi yake ya kuishi haikuwa ya kutegemewa. Huo ndio uchunguzi ambao Clifford angeudai. Lakini kurudi kulimaanisha kufilisika, kwa kuwa mkataba na mfadhili ulimtwika gharama ya chombo endapo angeshindwa, na nyumba ya familia ilikuwa rehani. Hakwenda mbele wala hakurudi: alizungukazunguka katika Atlantiki ya Kusini kwa miezi, akitangaza kwa redio mahali ambapo hakuwapo na kuandaa kumbukumbu za safari zisizo za kweli, miongoni mwake siku moja ya Desemba ambayo alidai kwenda maili 243.

Baharia mwingine, Nigel Tetley, alikuwa amekwisha kuizunguka dunia na kurudi Atlantiki akiwa na trimarani iliyochoka. Akiamini kwamba Crowhurst alikuwa nyuma yake kidogo na anakuja kwa kasi, aliendelea kukisukuma chombo kilichohitaji kuhurumiwa, na tarehe 21 Mei 1969 kikapasuka na kuzama karibu na Azores, yeye mwenyewe akaokolewa. Uongo uliozaliwa na mtu mmoja asiye na abiria ulikuwa umekizamisha chombo cha mtu mwingine ambaye hawakuwahi hata kuonana baharini. Baada ya hapo Crowhurst, ambaye alikuwa ametaraji kufika wa pili na kuepuka kukaguliwa, alijikuta akielekea kwenye ushindi na maswali yake. Teignmouth Electron kilipatikana tarehe 10 Julai 1969 kikielea bila mtu. Maandishi ya mwisho ndani yake yalikuwa ya tarehe 1 Julai, na yeye hakuonekana tena. Zawadi ya fedha ya mashindano, pauni 5,000, Knox-Johnston aliipeleka kwa familia ya Crowhurst.

Katika siku zake za mwisho Crowhurst aliandika maneno yapatayo 25,000 kuhusu Mungu, wakati na akili, akichota katika kitabu cha Einstein kuhusu nadharia ya uhusianifu, na dai lake kuu lilikuwa kwamba akili ya mwanadamu imefikia hatua ya kuweza kujikomboa kutoka ulimwengu wa vitu. Ni rahisi kuyasoma maandishi hayo kama dalili ya ugonjwa tu, na bila shaka mateso ya miezi minane ya upweke yalikuwa makubwa. Hata hivyo hoja yake ina mantiki ya kutisha. Mtu ambaye kwa nusu mwaka amekuwa akiandika kwamba yuko mahali fulani, na dunia ikamsadiki, amekwisha kuishi kana kwamba akili haifungwi na maji, mbao wala nafasi. Kilichobaki kilikuwa kulitamka hilo kama falsafa. Teolojia yake ilikuwa tunda la kumbukumbu za uongo, si chanzo chake, na hili lafaa kukumbukwa kila mara watu wanapodhani kwamba itikadi potofu ndizo zinazoharibu matendo. Mara nyingi hutangulia tendo, itikadi ikafuata ili kulihifadhi.

Mwanachuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din mgawanyo unaosaidia kuona tofauti ya vyombo hivi viwili. Sababu, kwa maana ya njia ambazo Mungu amezifanya zilete matokeo, aliziweka katika daraja tatu. Zipo zenye uhakika, na kuziacha si tawakali bali ni wazimu, kama mtu mwenye chakula mbele yake anayekataa kunyoosha mkono akingoja shibe imjie. Zipo ambazo kwa kawaida huleta matokeo ingawa si lazima, kama kuchukua masurufu ya safari jangwani. Na zipo za kudhaniwa tu, mipango ya kujikunjakunja na hila za mbali, ambazo moyo ukizishikilia, tawakali inapungua. Kuziba ungio linalovuja ni katika daraja la kwanza, wala hakuna mwanachuoni wa kuitwa kwa jambo hilo. Pampu ya pili, matanga madogo ya tufani na kamba ndefu za kuburuta nyuma ili kupunguza mwendo ni za daraja la pili. Nyaya zisizounganishwa na kitu ni za daraja la tatu, na fundi wa kielektroniki anayezitegemea hayuko mbali na mtu aliyefunga hirizi kwenye mlingoti. Kwa kawaida daraja hili hueleweka kuwa la ushirikina wa watu wasiosoma. Kumbe elimu nayo ina hirizi zake.

Hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia au amwache na kutegemea, akaambiwa amfunge kisha ategemee, hunukuliwa kila mahali na kwa haraka mno, kana kwamba imelimaliza suala. Ngamia hufungwa mara moja, na mtu akaenda kuswali. Chombo hakifungwi. Kila fundo linalegea, kila ungio linafanya kazi ya kufunguka saa zote chombo kinapoyumba, hivyo neno "kisha" katika mafunzo yale halina mahali pa kusimama baharini: kufunga na kutegemea hufanyika kwa pamoja na kwa kurudiwa, asubuhi na jioni, hadi safari iishe. Maandiko matakatifu yenyewe yanapozungumzia vyombo hayaoni haya ya ufundi. Qurani inaitaja safina ya Nuhu kwa mbao na misumari yake, na kitabu cha Mwanzo kinaeleza kwamba Nuhu aliamriwa kuipaka lami ndani na nje, ingawa aliyeamuru ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuyazuia maji bila lami. Katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume jambo hili limefikishwa mbali zaidi. Paulo anapokea ahadi ya malaika kwamba hakuna hata mmoja katika watu 276 waliomo melini atakayepoteza maisha, na bado mabaharia wanapojaribu kutoroka na mashua ndogo, yeye mwenyewe anamwambia akida kwamba hao wasipobaki chomboni wengine hawawezi kuokoka. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa bila sharti, na utimizaji wake ukahitaji watu wanaojua kushika kamba. Wanateolojia wameandika vitabu vizima kuliondoa fumbo hilo. Paulo aliliishi bila kulieleza, na huenda ndivyo inavyopasa.

Knox-Johnston aliligusa suala hili katika kitabu chake kuhusu safari ile, akiwa na mtazamo mkavu zaidi: kwamba Mungu ameweka kanuni, na ni kazi ya baharia kukiongoza chombo mbali na kitovu cha tufani, si kuomba apitishwe humo salama. Kwa muumini msimamo huo una upungufu, kwa kuwa unaifanya sala kuwa ombi la huduma tu, ilhali sala ya mtu aliye taabuni ni pia kukiri hali yake mbele ya Mola wake. Qurani, katika sura ya Al-Ankabut, haiwalaumu wanaomwita Mungu kwa ikhlasi wakiwa chomboni. Inawalaumu kwa sababu wakifika nchi kavu huisahau ikhlasi hiyo. Ikiwa ndivyo, ibada ya baharia inayopaswa kutiliwa mkazo zaidi ni ile ya bandarini, anapokaa na tochi ndani ya ngama kavu, bila upepo wala hofu, akitafuta kasoro ambayo angefurahi asiione.

Mambo hubadilika tufani inapofika, na hapo Clifford peke yake hatoshi. William James, mwanafalsafa Mmarekani, alimpinga kwa kuonyesha kwamba zipo imani zinazosaidia kujitimiza zenyewe: mpanda milima anayelazimika kuruka juu ya genge, akiamini kwamba anaweza, ana nafasi kubwa zaidi ya kufika ng'ambo kuliko anayetetemeka. Mabishano ya wafuasi wa wanafalsafa hawa wawili yamekuwa marefu, lakini bahari inayaamua kwa kugawanya vitu vinavyoaminiwa. Mbao hazisikii imani ya mwenyewe, na hakuna ungio lililowahi kuzibika kwa kuaminiwa. Juu ya chombo, Clifford ana haki yote. Mkono wa mtu, uvumilivu wake na subira yake ya kungoja saa 40 bila kufanya tendo la kipumbavu ni vitu vinavyoisikia imani, na juu ya hivyo James ana haki. Msiba wa kujidanganya huzaliwa mtu anapoihamisha imani ya aina ya pili kwenda kwenye kitu cha aina ya kwanza.

Kukata tamaa nako ni imani, na kunaweza kukosa ushahidi kama matumaini yanavyoweza kuukosa. Mwezi Agosti 1979 tufani iliwakuta washiriki wa mashindano ya Fastnet kati ya Uingereza na Ayalandi. Yoti 303 zilikuwa zimeanza, na mabaharia 15 walifariki. Yoti 24 ziliachwa na watu wake, na kati ya hizo zilizozama ni 5 tu; nyingine zilikutwa zikielea baada ya upepo kutulia, ilhali baadhi ya waliokimbilia vyelezo vya mpira vya kuokolea walipoteza maisha humo. Hakuna anayeweza kuwahukumu watu waliokuwa gizani katikati ya mawimbi yale, na mwandishi aliyeketi nchi kavu hana haki hiyo hata kidogo. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mtu aliyekijua chombo chake kwa kukikagua ana ushahidi wa kuupinga woga wake, na yule aliyeamini tu hana kitu cha kumjibu.

Lipo jambo moja ambalo ukaguzi hauwezi kulifikia, nalo ni usingizi. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia kugongana kwa vyombo baharini zinaamuru, katika kanuni ya 5, kwamba kila chombo kiwe na mlinzi anayetazama na kusikiliza wakati wote. Baharia wa peke yake hawezi kuitii. Hulala vipande vifupi, pengine dakika 20 kwa wakati mmoja karibu na njia za meli, na katika kila kipande hicho anavunja sheria kwa sababu ya maumbile yake. Tawakali isiyo na mapambo iko hapo, kwa kuwa kila sababu imekwisha kufanywa na bado mtu anafumba macho akiwa hajui kitakachokuja. Biblia ina watu wawili wanaolala katika dhoruba: Yona, aliyeshuka chini kabisa ya meli akiwa mtoro, na Yesu, aliyelala juu ya mto wa kichwa katika shetri, sehemu ya nyuma ya chombo. Kwa nje usingizi ni mmoja. Baharia anayelala kwa sababu amemaliza kazi na yule anayelala ili asisikie maji ndani ya ngama wanalala vilevile pia, na hakuna mtu mwingine chomboni wa kuwatofautisha. Hapo ndipo waumini husema kwamba yuko Anayeona, na hiyo ndiyo maana halisi ya muraqaba, yaani hali ya kujua kwamba mtu anatazamwa na Mungu.

Uangalifu wenyewe una mpaka wake. Tarehe 18 Novemba 2022, katika mashindano ya Golden Globe yaliyofufuliwa, Asteria, yoti ya Mfini Tapio Lehtinen, baharia mwenye uzoefu mkubwa aliyekuwa amekitengeneza chombo chake upya kwa uangalifu, ilijaa maji kutokea nyuma na kuzama katika muda mfupi sana kusini-mashariki mwa Afrika Kusini. Aliyemfikia katika chelezo chake alikuwa mshindani wake Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, naye akiwa peke yake, aliyeacha njia yake na kukiongoza chombo kwa mkono usiku kucha. Kisha Lehtinen akahamishiwa katika meli ya mizigo, na Neuschäfer akaendelea na safari na kushinda mwaka 2023. Ghazali angelisoma tukio hili bila mshangao, kwa kuwa alifundisha kwamba mtu azifanye sababu bila moyo wake kutulia juu yake. Clifford naye angepata humo ushahidi wa hoja yake ya zamani: baharia wa peke yake daima ana wengine, kwa sababu sheria ya bahari na ubinadamu vinawalazimisha kumwendea, na anayeondoka na chombo asichokikagua amekwisha kuweka rehani maisha ya mtu ambaye hajamjua.

Hukumu ya Clifford kuhusu meli iliyofika salama, kwa hiyo, inasimama hata pasipo abiria. Kufika hakuthibitishi kwamba baharia alikuwa na haki ya kuamini, na kuzama hakuthibitishi kwamba hakuwa nayo. Haki hiyo hupatikana au hupotea kabla kamba ya mwisho haijafunguliwa gatini. Waandaaji wa mashindano walichukua muda kulikubali jambo hilo. Mwaka 1968 hakuna mshiriki aliyetakiwa kuonyesha uzoefu wala chombo kilichotakiwa kupita ukaguzi. Mashindano hayo yalipofufuliwa mwaka 2018, vyote viwili vilikuwa masharti ya kuanza.